Eroba za kufunga juu ya hendeli: angalia pedi kwanza, mabomba baadaye

Nianze na jibu kabisa manake najua kuna mtu kashika simu anataka kuagiza leo leo: eroba, zile hendeli za kulalia za baiskeli (aero bars), zinafaa, tena kwa sisi wa Mombasa tunaopigana na upepo zinafaa kuliko rimu za bei mbaya, lakini usizichague kwa vile mabomba ya mbele yanavyong'ara kwenye picha. Angalia pale mkono unapolala. Pedi zikikaa vibaya hutalala hata dakika kumi, utakuwa unainuka kila saa kunyoosha shingo, na eroba usiyoilalia ni mzigo tu wa kubeba hadi Kilifi na kurudi.

Kwa ambaye hajaziona karibu, ni vile vyuma viwili, ndo mabomba yenyewe, vinavyotoka mbele ya hendeli, na nyuma yake pana vibakuli viwili vyenye sponji, hivyo ndo pedi. Unalaza vigasha kwenye pedi, viganja vinashika ncha za mbele, mgongo unashuka na kifua hakisimami tena mbele ya upepo. Baiskeli ya traiathloni (mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia) yenyewe inakuja nazo tangu dukani, lakini wengi wetu tuna baiskeli ya road, ile ya mbio za barabarani yenye hendeli ya kupinda, kwa hiyo tunanunua zile za kufunga juu, na hizo ndo nazungumzia hapa, yangu ni seti ya alumini ya kawaida kabisa.

Kwa nini nasema sisi hasa. Barabara yetu ya mazoezi marefu ni ile ile ya Malindi, unavuka Nyali, unapita Bamburi na Shanzu, daraja la Mtwapa, halafu kunafunguka kuelekea Vipingo kwenye mashamba ya mkonge mpaka Kilifi, na njia yote hiyo unaelekea kaskazini. Msimu wa kaskazi, tuseme kuanzia Novemba mpaka Machi, upepo unakupiga usoni ukienda. Kusi ikishika unaenda umesukumwa mgongoni, kilomita zinaisha zenyewe, halafu unageuza pale Kilifi na jua lishapanda na upepo ushaamka, ndo utajua hesabu yake. Ukiwa kwenye kasi ya kilomita 30 kwa saa na upepo wa 20 unakuja usoni, mwili wako unakata hewa kama uko kwenye 50, na nguvu ya hewa haipandi sawasawa na kasi, inapanda kwa mraba wake, yaani inakurudisha nyuma karibu mara 3 ya vile ingekuwa siku ya shwari. Na kinachozuia hewa hiyo zaidi si fremu wala matairi, ni wewe mwenyewe, mabega, kifua na kichwa. Ndo maana kubadilisha mkao kunaleta faida kubwa kuliko kubadilisha kifaa chengine chochote.

Si jambo jipya hili. 1989 kwenye Tour de France, Greg LeMond wa Marekani aliingia siku ya mwisho akiwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50, na kilichobaki ni kilomita 24.5 tu za kukimbizana na saa kutoka Versailles mpaka Paris. LeMond kafunga eroba, Fignon kashika hendeli ya kawaida, kichwa wazi, nywele kazifunga nyuma. LeMond akachukua Tour nzima kwa sekunde 8. Na watu wa traiathloni walikuwa washaanza kuzitumia kabla yake.

Haya, kuchagua. Kabla hujaangalia eroba yoyote angalia hendeli yako. Hendeli nyingi za siku hizi pale kati karibu na stemu, kile kipande kinachoishika hendeli, zina kipenyo cha milimita 31.8 na eroba nyingi zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Baiskeli za zamani, na zile za mtumba zinazoingia na makontena, mara nyingi ni 26.0, hapo utahitaji vipande vya kujazia, na seti nyengine zinakuja navyo, nyengine huna bahati. Nenda kwa fundi yeyote wa chuma mwenye kalipa, kile kipimo cha unene, akupimie, ni dakika moja. Kisha angalia ule unene unafika wapi, manake kuna hendeli inayoanza kuwa nyembamba mara tu ikitoka kwenye stemu, klampu, kile kibano cha eroba, haina pa kukaa. Zile bapa za aero zimekaa kama ubawa wa ndege, hizo sahau, eroba za kufunga za kawaida hazishiki pale. Na kama hendeli ni ya kaboni usifunge chochote mpaka uone mtengenezaji ameandika kwamba inaruhusiwa, kaboni ikibanwa mahali isipojengewa kubanwa inapasuka ndani kimya kimya na utakuja kujua uko kwenye kasi.

Hapo ndo uje kwenye pedi, na hapa nataka usimame kidogo. Pedi nzuri inasogea pande zote tatu: ndani na nje, mbele na nyuma, juu na chini. Ndani na nje utaona matundu kwenye kile kibakuli, yakiwa mengi ndo vizuri. Juu na chini kunafanywa na spesa, vile vipande vya kuinua, na bolti ndefu zake. Uliza kama seti inakuja na spesa, au kama zinauzwa kando, na kama hazipo kabisa basi mimi ningeiacha hiyo seti hata iwe nyepesi vipi na hata iwe na jina kubwa vipi. Kuna zile za bei ya chini kabisa zinauzwa mtandaoni bila jina, nimeshika kadhaa za wenzangu, pedi ina tundu moja tu na bolti moja tu, unailalia na inazunguka chini ya mkono wako kila ukipita shimo. Hiyo siipendekezi kwa mtu yeyote.

Majina utakayokutana nayo ukitafuta ni Profile Design, Vision, Zipp, Deda, 3T na wengine. Redshift wana yao ya kuchomoa haraka, yaani Jumapili unaenda nayo Kilifi na Jumatatu baiskeli inarudi kuwa ya kawaida ya kwenda kazini, kwa mwenye baiskeli moja hilo ni jambo la maana. Kuna pia aina ambayo pedi zina springi, ukiinua mikono zinainuka zenyewe ukapata nafasi ya kushika hendeli pale juu, nzuri kwa mwenye hendeli fupi isiyobaki na pa kushika.

Mabomba ya mbele yana mikunjo yake, yaliyonyooka, ya S, ya J, na yale yanayopanda mbele kama mtu ananyanyua vikombe viwili. Watu hubishana sana hapa. Mimi nimetulia kwenye inayopanda kidogo, kifundo cha mkono kinakaa kimenyooka hakikunjiki, na mkono hauteremki mbele ukitokwa jasho, na huku kwetu jasho hilo halisubiri. Alumini au kaboni? Alumini. Tofauti ni gramu chache, na bomba la alumini likiwa refu unalikata kwa msumeno wa chuma unapiga tupa ushamaliza.

Sasa kufunga, ambako ndo pesa yako inafaa au inapotea, na wengi wanafunga wakiwa wamesimama mbele ya baiskeli, wanaangalia kama inapendeza. Panda baiskeli. Iweke kwenye treina, ile stendi ya kuendeshea papo hapo, kama unayo, au mtu akushikie karibu na ukuta, na mtu mwengine akupige picha kwa simu ubavuni, si mbele.

Unaanza na siti, si eroba. Baiskeli ya road bomba la siti limelala, nyuzi 73 hivi, ya traiathloni limesimama zaidi, 76 mpaka 78 na kuendelea, na sababu ni nyonga. Ukiteremsha kifua kwenye baiskeli ya road bila kugusa siti, paja linapanda linakuja kugonga tumbo, pumzi inakata, na ukishuka kukimbia mgongo umeganda. Kwa hiyo sogeza siti mbele kwanza, na kwa kuwa umesogea mbele umekaribia pedeli, iinue milimita kadhaa, na pua ya siti iteremke kidogo sana ikibidi. Ukisikia ganzi kule chini usivumilie na usione haya kusema, wake kwa waume, zipo siti zenye pua fupi au iliyogawanyika mara mbili zimetengenezwa kwa mkao huu huu.

Baada ya siti ndo pedi, na kimo anza juu. Weka spesa zote. Najua kila mtu anataka kulala chini kama wale wa Ironman, traiathloni ndefu, lakini mwili unashushwa polepole, toa spesa moja, endesha wiki mbili tatu, sikiliza shingo, ndo utoe nyengine. Na chini zaidi si lazima iwe kasi zaidi, ukiwa chini sana kichwa kinabidi kisimame ili uone njia, nacho kinashika upepo wote ule uliokuwa unaukwepa.

Mbele na nyuma, pedi isikae chini ya kiwiko chenyewe. Ikae mbele yake kidogo, kwenye nyama ya kigasha, upana wa vidole viwili vitatu kutoka kwenye mfupa wa kiwiko. Ukikanyaga mfupa utasikia ganzi mpaka kidole kidogo. Halafu mkono wa juu, kutoka bega mpaka kiwiko, uangalie ubavuni kwenye ile picha: pembe kati yake na mwili iwe kama ya mraba, nyuzi 90 au ipite kidogo. Kiwiko kikienda mbele sana uzito wote unabebwa na misuli ya nyuma ya mkono, inawaka moto kabla hujafika Mtwapa. Kikirudi nyuma sana umejikunja, kifua hakina pa kujaa. Uzito unatakiwa ukae juu ya mifupa, bega likapumzika, masikio yakawa mbali na mabega.

Upana, anza upana wa mabega yako au pungufu kidogo. Ukibana pedi pamoja unakata hewa vizuri zaidi lakini hendeli inakuwa na wasiwasi, na upepo wa ubavuni kule penye uwazi baada ya Vipingo unakurusha, hata ukipishana na lori. Mabomba ndo ya mwisho kabisa. Marefu ya kutosha ncha ijae kiganjani bila kunyoosha mkono, basi. Ukijikuta unateleza mbele kwenye siti kila mara, pedi ziko mbali au ziko chini mno, rudi hatua moja nyuma, usilaumu siti.

Nimsifu fundi aliyenifungia yangu sasa. Ni mzee mmoja wa Kisauni, anakaa chini ya mwarobaini, na kazi yake kubwa ni baiskeli za kubebea maji na mikate, si hizi zetu. Klampu ya upande wa kulia ilikuwa inateleza kidogo hata ikikazwa, na kijana mmoja pale akaleta kipande cha tyubu tuweke katikati. Mzee akakirusha pembeni. "Mwanangu, mpira unabonyea. Leo umekaza, kesho kushalegea." Akakata ukanda kwenye kopo la soda, akausugua kingo kwa msasa zisichane, akafuta hendeli kwa spiriti mpaka ikawa kavu kabisa haina hata alama ya kidole, akauzungusha ule ukanda na kufunga klampu juu yake. Halafu hakukaza bolti moja mpaka mwisho, aliziendea kwa zamu, kidogo hii kidogo ile, akiinama kuangalia mwanya wa juu na wa chini uwe sawa. Mwisho akachukua kalamu ya maka akapiga mstari mmoja unaopita kwenye klampu na kwenye hendeli, akaniambia nikirudi safari niangalie kama mstari bado ni mmoja. Umebaki mmoja. Kazi kama hiyo haina cheti lakini nampa nyota zote, na ikiwa una fundi wa namna hii mtaani kwako mshike.

Kitu hakuwa nacho ni spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Nunua yako ndogo. Klampu nyingi zimeandikwa juu yake namba, mara nyingi 5 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) au karibu na hapo, na mkono wa fundi aliyezoea baiskeli ya kubeba mitungi ya maji unapita hapo bila yeye kuhisi.

Jambo ambalo video za Ulaya hazitakwambia ni chumvi. Ukilala kwenye eroba jasho la uso linadondoka moja kwa moja kwenye stemu na kwenye bolti za pedi, juu yake kuna hewa ya bahari usiku na mchana, na bolti zinazokuja na seti nyingi ni za chuma cha kupakwa tu. Zangu zilianza kutoa kutu mapema, na bolti yenye kutu kichwa chake kinalika, spana ya L inazunguka tupu, kushusha pedi milimita tano kunakuwa kazi ya kutoboa kwa drili. Toa bolti zote siku ya kwanza, weka za stenlesi, na ukienda kwa wanaouza vifaa vya boti watakupa zile zinazostahimili maji ya bahari, beba ya zamani mkononi wakulinganishie urefu na meno. Zipake grisi kabla ya kufunga, hili usiliruke, manake stenlesi ikikaa ndani ya alumini penye chumvi vinashikana vikawa kitu kimoja. Grisi ni ya meno ya bolti tu, isiguse pale klampu inaposhika hendeli. Ukirudi safari mwagia maji baridi kidogo, futa, na ile sponji ya pedi itoe kwenye velkro uifue kwa sabuni uianike kivulini. Usipofanya hivo inanuka, na chumvi iliyokaukia ndani inachubua ngozi. Chagua sponji isiyonyonya maji kama unaweza kuchagua.

Usalama nitausema hata kama umechoka kusoma. Ukiwa umelala breki ziko mbali na vidole vyako, na kwa baiskeli ya road gia pia ziko kule kule kwenye breki. Kwa hiyo kutoka Nyali mpaka uvuke Mtwapa shika hendeli kama kawaida, kuna matatu inayoingia stendi bila taa, tuktuk inageuza popote, bodaboda anakuja upande wako, matuta hayana rangi. Jifunze kwanza kwenye njia tulivu za ndani ya Nyali asubuhi mapema, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili. Na usilale ukiwa ndani ya kundi wala nyuma ya tairi la mtu, hata kama unamuamini. Anayelala akae mbele kabisa au peke yake.

Mbioni pia soma kanuni. Mbio ambazo huruhusiwi kufuata mgongo wa mtu, kama za Ironman ambako unaacha mita 12 mpaka kwa aliye mbele, eroba ndo mahali pake. Mbio za kufuatana kwa kundi ni habari nyengine, na mbio za kawaida za baiskeli chini ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, za kuanza pamoja, hata kulaza vigasha juu ya hendeli tupu kumepigwa marufuku tangu 2021.

Faida moja ambayo sikuitarajia ni chupa ya maji. Kati ya yale mabomba mawili unafunga kishikio cha chupa kwa zip-tai, chupa imelala mbele ya mdomo, unakunywa bila kuinuka na bila kupapasa chini ya fremu. Kwa joto la hapa, na ule unyevu wa Machi unaokaba, mtu anakunywa mara mbili ya alivyokuwa anakunywa kwa sababu maji yako pale machoni.

Kuhusu pesa, kama unalenga traiathloni fupi ya sprint tu, kilomita 20 za baiskeli, nunua matairi mazuri kwanza na ujifunze kushuka chini ukiwa umeshika hendeli ya kupinda, eroba zinaweza kungoja. Kama ni ya umbali wa Olimpiki, kilomita 40, au 70.3 (nusu ya Ironman) yenye kilomita 90, nunua, na zifunge miezi miwili mitatu kabla ya mbio, si wiki ya mbio, manake shingo na mgongo vinahitaji muda huo. Ukienda kuagiza andika kwanza vipimo vyako kwenye karatasi: kipenyo cha hendeli, nafasi iliyobaki kila upande wa stemu, na kama seti ina spesa. Muuzaji asipoweza kukujibu hilo la spesa, tafuta mwengine.